Kabla ya Kujaza Maji Majaruba

Mvua zimekolea Kanda ya Ziwa na wengi wenu mmeshamwaga mbegu kitaluni. Kabla ya kupandikiza, fuata maji yako hadi yanakotoka. Ukikuta karasha au rundo la marudio ya dhahabu huko juu, soma vizuri haya.

Miamba yenye dhahabu, kama ile ya Geita, mara nyingi hubeba aseniki. Udongo wenye hewa huishikilia kwenye kutu ya chuma. Maji yakituama jarubani wiki baada ya wiki, hewa huisha, kutu huyeyuka na aseniki huachiwa. Mpunga huinyonya kwa njia ileile unayonyonyea silika, ambayo huitaka kwa wingi. Ndiyo maana huizidi nafaka nyingine kwa aseniki. Aseniki haina harufu wala ladha. Ikiliwa miaka mingi huleta saratani ya ngozi, mapafu na kibofu. Kiwango cha kimataifa kwa mchele uliokobolewa ni miligramu 0.2 za aseniki isokaboni kwa kilo. Nawahofia zaidi watoto wanaokuzwa kwa uji wa mchele.

Mnaofuata kilimo shadidi, cha kulowesha na kukausha jaruba kwa zamu, mmeshaanza vizuri. Chomekeni bomba lenye matundu jarubani. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya udongo, jazeni tena hadi sentimita 5 juu yake. Mpunga unapochanua, msiukaushe. Maganda yake pia yarudisheni shambani, yana silika.

Lakini kuna pia kadimiamu, metali nzito yenye sumu, na hapo ushauri hugeuka, kwa kuwa yenyewe hunyonywa zaidi udongo ukikauka, hasa wenye tindikali. Huko Toyama, Japani, maji machafu ya mgodi wa Kamioka yaliingia mto Jinzu uliomwagilia mashamba. Walaji wa mchele ule waliumwa figo, mifupa ikalainika na kuvunjika, na mwaka 1968 serikali ikatamka kuwa chanzo ni kadimiamu. Basi jaruba lililoingiwa na marudio usilikaushe kwa kubahatisha. Chokaa ya kilimo hupunguza kadimiamu, ila kwanza pima.

Chota udongo pembe nne na katikati, kina cha sentimita 20, changanya, na umwombe bwana shamba akuelekeze maabara inayopima metali nzito. Chukua na chupa ya maji ya mfereji. Jaruba hilo lisipandikizwe mpaka majibu yarudi.