Shule Huru ya Mchanganyiko: Maana na Maadili Yake

Katika toleo hili nimepewa kazi ya kuandika somo fupi kuhusu shule ya aina yetu, yaani shule ya kutwa, isiyo ya serikali, inayosomesha wavulana na wasichana pamoja. Hapa Garissa tunaulizwa maswali mengi njiani. Mbona mnalipa karo ilhali shule za serikali zipo? Mbona msichana aketi darasa moja na mvulana? Nitajibu kadiri ya uwezo wangu. Dai langu ni moja tu: shule kama hii husimama kwa sababu watu wamekataa kutenganishwa. Siku wakikubali, itaanguka, hata ikiwa na majengo ya ghorofa.

1. Maana ya maneno

Tuanze na lugha. Neno "shule" tulilipata kwa Wajerumani waliotawala Tanganyika, na wenzetu wa Zanzibar husema "skuli", kutoka Kiingereza. Huku kwetu mtoto huanzia dugsi, anakosoma Kurani. Mwalimu wa dugsi huitwa kwa Kisomali macallin, na neno hilo pamoja na "mwalimu" letu yote yana asili moja ya Kiarabu. Basi hata kabla kengele haijalia, lugha zetu zimekwisha kuchanganyika.

"Huru" si kufanya utakavyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imezigawa shule mafungu mawili, za umma na za binafsi. Shule ya binafsi ni lazima isajiliwe, na mwalimu wake naye awe amesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu. Uhuru wetu uko mahali pengine: wazazi na walimu wetu ndio wanaotafuta pesa, na ndio wanaojiwekea desturi.

"Mchanganyiko", kwa kawaida, ni wavulana na wasichana. Mimi naongeza maana ya pili: wenyeji na wageni, Waislamu na Wakristo. Tafadhali shika maana zote mbili unaposoma mbele.

2. Asili ya shule huru

Shule za namna hii hazikuanza jana. Mwaka 1929 Wakikuyu wengi waligombana na wamisheni juu ya tohara ya wasichana. Wamisheni waliipiga marufuku, wazazi wakatoka, wakajenga shule zao wenyewe. Mwaka 1939 Chuo cha Walimu cha Githunguri kilifunguliwa, kikiongozwa na Mbiyu Koinange. Marika yalichanga pesa, na akina mama walichanga za bweni la wasichana.

Hapa pana fundisho gumu. Watu wale walianza kwa kutetea desturi iliyowaumiza wasichana, kisha watu wale wale wakawajengea wasichana mahali pa kulala na kusoma. Leo ukeketaji ni hatia nchini Kenya kwa sheria ya mwaka 2011, na sisi wa Kaskazini Mashariki tunajua kwamba jambo hili bado halijaisha majumbani. Kwa hivyo jamii inaweza kushika shule yake kwa mkono mmoja na kuachilia desturi mbaya kwa mkono wa pili. Shule za Wakikuyu zilifungwa na serikali ya kikoloni baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952.

Baada ya uhuru wa 1963 zikaja shule za harambee kote nchini. Kwetu safari ilikuwa ndefu zaidi. Kulikuwa na vita vya shifta, na hali ya hatari huku ilidumu hadi mwaka 1991. Mpaka sasa utamsikia mzee anayepanda basi la Nairobi akisema, "Naenda Kenya." Neno hilo linachekesha, lakini lina uchungu ndani yake. Anayesema hivyo alijiona ametengwa.

3. Maisha ya mwanafunzi wa kutwa

Wenzetu wa bweni hudhani sisi wa kutwa tunakula raha. Wapi! Tunaamka kabla ya alfajiri, tunaswali, tunatafuta maji, kisha tunakimbia kuwahi gwaride. Mikokoteni ya punda ya maji isipopita mtaani, kuna mtu nyumbani atakayebeba jerikeni, na aghalabu mtu huyo ni msichana.

Hili ndilo jambo nililolichunguza kwa muda. Darasani sisi ni sawa. Tunafundishwa na mwalimu mmoja, tunafanya mtihani mmoja. Lakini usawa huo unaishia getini. Jioni mvulana huenda uwanjani kupiga mpira, halafu afungue daftari. Msichana huenda jikoni, aoshe vyombo, abembeleze mtoto, na akifungua daftari usingizi umekwisha kumshika. Asubuhi mwalimu anasahihisha kazi za wote wawili kwa kalamu moja.

Shule yetu ilijibu kwa njia rahisi. Baada ya kipindi cha mwisho tunabaki saa moja darasani kufanya kazi ya ziada, wote pamoja, ndipo tuende nyumbani. Saa hiyo haikugharimu hata shilingi. Wasichana wengi wa darasa letu watakwambia kuwa hiyo ndiyo saa yao pekee ya kusoma bila kuitwa.

4. Maadili matatu

La kwanza ni zamu. Katika maabara, zamani mvulana alishika chupa na msichana akaandika matokeo. Sasa tunabadilishana kila wiki. Kadhalika tuna viranja wakuu wawili, mvulana na msichana, na kila mmoja huongoza gwaride kwa zamu.

La pili ni heshima yenye mipaka iliyo wazi. Tunaketi safu mbalimbali, wasichana wanavaa hijabu zao, na wakati wa sala ya adhuhuri masomo husimama. Wanafunzi Wakristo huwa na darasa lao la kusomea wakati huo. Mzazi anayeogopa mchanganyiko akiona haya, moyo wake hutulia. Kuchanganyika hakumlazimishi mtu kuacha dini yake.

La tatu ni kumlinda mgeni, na hili ndilo zito. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na wauaji waliwatenga watu kwa dini. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hii yetu. Baadaye walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka Kaskazini Mashariki, na madarasa mengi yakabaki bila mwalimu. Aliyemuua mwalimu mmoja alinyamazisha vipindi vya mamia ya watoto.

Lakini tunaye wa kumwiga. Tarehe 21 Desemba 2015 basi liendalo Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak. Abiria Waislamu waliamriwa wajitenge na Wakristo, wakakataa. Baadhi ya akina mama waliwavika Wakristo hijabu. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alikuwa mmoja wa waliokataa. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Kisa hicho kilitengenezewa filamu mwaka 2017, nayo inaitwa kwa Kiswahili, Watu Wote. Tazama, msomaji: aliyetufunza maana ya mchanganyiko alikuwa mwalimu, tena mwenyeji wa huku huku.

5. Panapouma

Nisiyafiche yaliyopo. Shule isiyo ya serikali hula karo. Mvua zilipokosa kunyesha misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mifugo ilikufa. Karo ikitosha mtoto mmoja, nani hubaki darasani? Unajua jibu. Dawati la msichana ndilo hubaki tupu, na watu husema, "Atarudi muhula ujao."

Shule yetu hukubali karo kidogo kidogo, lakini mwalimu naye lazima alipwe. Ndiyo maana napendekeza mambo mawili ambayo sisi wanafunzi tunayaweza. Dawati likikaa tupu siku tatu, kiranja wa darasa amwarifu mwalimu na tumtembelee mwenzetu nyumbani. Pili, vitabu vya kidato tulichomaliza viachiwe shule, ili mzazi apunguziwe gharama. Haba na haba hujaza kibaba.

6. Maswali ya kujadili chamani

(a) Je, desturi ipi ya nyumbani kwenu inamnyima msichana muda wa kusoma, na nani anaweza kuibadilisha?
(b) Mwalimu mgeni akifika shuleni leo, wewe binafsi utamfanyia nini wiki ya kwanza?
(c) "Naenda Kenya." Jadili neno hili, kisha eleza litakufa lini.

Nawaachia walimu na wanafunzi wenzangu kalamu. Anayepinga hoja zangu na aandike, toleo lijalo lina nafasi.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu