Je, Mwuaji Anastahili Hukumu au Msamaha?

Mwinjilisti mmoja ametuletea barua, nasi tumeona vema kuijibu hapa, maana shauri lake si la usharika wake tu. Kwao yuko mtu aliyemwua jirani yake kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Alihukumiwa, akafungwa miaka mingi, na sasa ametoka gerezani. Ameomba kurudishwa kwenye Chakula cha Bwana. Lakini mama wa yule aliyeuawa ni Mkristo wa usharika uo huo, naye amewaambia wazee: Siku atakapokula yeye, mimi nitaondoka. Wazee wamegawanyika. Wengine husema ya kuwa mwuaji ni mtu wa Jehanamu, basi. Wengine husema ya kuwa Mungu husamehe wote, na mama huyu anyamaze. Mwinjilisti auliza: Mwuaji anastahili nini?

Kama tukiuliza habari za kustahili, jibu ni fupi: anastahili hukumu. Baada ya gharika Mungu alimwonya Nuhu ya kuwa ataidai damu ya kila mtu, kwa sababu mtu ameumbwa kwa mfano wake (Mwanzo 9:5-6). Tena Torati ilikataza kupokea mali kuwa fidia ya uhai wa mwuaji (Hesabu 35:31). Neno hili latupasa kuliangalia sana. Mahali pengi katika nchi zetu wazee walizoea kumaliza shauri la damu kwa ng'ombe, na hata leo wako Wakristo wadhanio kwamba ng'ombe wakiisha kutolewa, dhambi nayo imekwisha. Ng'ombe waweza kutuliza ukoo. Hawawezi kuosha damu mbele za Mungu.

Walakini Yohana asema ya kuwa amchukiaye ndugu yake ni mwuaji (1 Yohana 3:15). Hatusemi kwamba chuki na panga ni kitu kimoja mbele ya hakimu, wala mbele ya mama aliyefiwa. Asemaye hivyo hajapata kuzika mtoto. Twasema tu kwamba ikiwa Meza ya Bwana ni ya wanaostahili, hata mzee wa Kanisa aliyekaa miaka kumi bila kumwamkia nduguye hataikaribia, wala sisi tuandikao haya hatutaikaribia. Msamaha si mshahara. Daudi alimwua Uria kwa barua, akapewa msamaha siku ile Nathani alipomkemea naye akaungama. Lakini mtoto wake alikufa, na upanga haukuondoka nyumbani mwake (2 Samweli 12). Msamaha ulikuja, na adhabu ikabaki. Wengi hawapendi kuyaona mambo haya mawili pamoja.

Sasa tutawasimulia habari za mchungaji mmoja wa Kilutheri wa Marekani, jina lake Henry Gerecke, ambaye shauri hili lilimfikia kwa namna ya kutisha. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha katika mwaka 1945, wakubwa wa serikali ya Hitler walikamatwa na kushtakiwa katika mji wa Nuremberg, katika Ujerumani. Waliokaa kizimbani walikuwa 21. Kwa amri zao na kazi zao watu mamilioni walikuwa wameuawa, Wayahudi wengi kuliko wote. Serikali ya Marekani ilitafuta mchungaji ajuaye Kijerumani awahudumie wale waliokuwa Waprotestanti, watu 15. Gerecke alikuwa na miaka 52. Wanawe wawili wakubwa walikuwa wamejeruhiwa vibaya katika vita ile. Hakulazimishwa, mkubwa wake alimwachia achague. Aliomba, akafikiri, akaenda.

Alipoingia mara ya kwanza katika vyumba vyao, aliwapa mkono mmoja mmoja. Watu walimlaumu kwa sababu ya mkono ule. Yeye alijibu kwamba hakuwapa kwa kuwa aliyaona maovu yao kuwa madogo, bali alijua kwamba hawatalisikia neno lake akianza kwa kuwadharau. Hata hivyo wako waliomkataa kabisa. Wengine walikuja ibadani katika kikanisa cha gereza, nacho kilikuwa vyumba viwili vya wafungwa vilivyobomolewa ukuta wa katikati.

Mmoja wa waliokuja alikuwa Wilhelm Keitel, mkuu wa jeshi. Katika Septemba 1941 yeye alitia sahihi amri ya kwamba kwa kila askari mmoja wa Kijerumani atakayeuawa katika nchi zilizotekwa, wauawe watu 50 mpaka 100. Mtu huyu alisoma Biblia gerezani, akaungama, akapiga magoti akilia, naye Gerecke akampa Chakula cha Bwana. Mwingine alikuwa Fritz Sauckel. Mahakama ilisema kwamba kwa kazi yake watu zaidi ya 5,000,000 walichukuliwa kufanya kazi za utumwa. Yeye naye alisali kama yule mtoza ushuru, akapewa.

Lakini Hermann Göring hakupewa. Huyu alihudhuria ibada, aliimba nyimbo kwa sauti kubwa, na jioni ya tarehe 15 Oktoba 1946 aliomba apewe Chakula cha Bwana, kwa maana alijua ya kuwa ni karibu kunyongwa. Gerecke alimhoji habari za imani yake. Göring alisema wazi kwamba hawezi kumkiri Yesu kuwa Mwokozi wake. Kwake alikuwa Myahudi mwerevu tu. Mchungaji akamkumbusha binti yake mdogo, aliyetaka kuonana na baba yake mbinguni. Hata hivyo alikataa. Gerecke akamnyima. Saa chache baadaye Göring alijiua kwa sumu, na usiku ule ule, kuamkia tarehe 16, wenzake kumi walinyongwa, Keitel na Sauckel wakiwa miongoni mwao.

Wapendwa, angalieni. Gerecke hakupima kwa wingi wa damu. Alitafuta toba, na toba, kama tulivyofundishwa katika Ungamo la Augsburg, fungu la 12, ina mambo mawili: majuto ya dhambi, na imani ishikayo ondoleo kwa ajili ya Kristo. Palipokosekana jambo la pili, hakulitoa kwa kumhurumia mtu aliye karibu kufa. Nasi twakiri kwamba saa ile tungalijaribiwa kumpa.

Tena hatutaficha jambo moja gumu. Sauckel aliposimama juu ya jukwaa la kunyongea, alisema kwa sauti kwamba anakufa bila hatia na kwamba hukumu yake si ya haki. Je, machozi yake yalikuwa ya uongo? Au alidhani aweza kuwa mwenye dhambi mbele za Mungu bila kuwa na hatia mbele ya watu aliowatesa? Twaliogopa neno hili kuliko machozi yote yaliyokosekana kwa Göring, kwa sababu twalisikia hata kwetu. Mtu huungama kwa mchungaji kwamba yeye ni mwenye dhambi nyingi, lakini umtajie shamba, panga, na jina la marehemu, ataanza kueleza jinsi marehemu alivyomchokoza.

Basi mwinjilisti asimwulize mtu wake kama anajuta. Atajibu ndiyo. Amwache aseme alichofanya, naye asimsaidie kwa maneno. Akiyasema bila kujitetea, na kushika ahadi ya Kristo, mchungaji hana ruhusa ya kumfungia. Funguo hizi si mali yake. Asiangalie miaka aliyofungwa kana kwamba ndiyo iliyomlipia. Hiyo ilikuwa kazi ya serikali, ambayo fungu la 16 la Ungamo lakubali kuwa na haki ya kuadhibu.

Na mama? Wale wazee waliosema anyamaze wamekosa. Kumwondolea mtu dhambi kwa jina la Mungu ni kazi ya Kanisa. Kumwambia mama lini moyo wake uache kuuma si kazi yake. Haya mawili yakichanganywa, mama huyu ataonekana kuwa adui wa Injili, naye hakumwua mtu. Waende kwake wazee wale wale, wakae, wamsikilize akitaja jina la mwanawe na habari zake, hata kama ni jioni nyingi. Wasimpelekee maombi ya yule mtu mpaka aulize mwenyewe. Huyo mtu naye asitangulie kwenda kumwomba radhi nyumbani kwake bila kuitwa. Wengi hufanya hivyo ili wapate kutuliza nafsi zao.

Kama mama hawezi bado kukaa naye katika Meza moja, mchungaji ampe mtu huyo Chakula cha Bwana siku nyingine, wakiwapo wazee wawili, bila kupigiwa kengele. Mtu wa toba hatanung'unika kwa jambo hili. Akinung'unika, mwinjilisti arudi tena kumsikiliza habari za shamba.

Tutafurahi kama akituandikia tena, hasa habari za mama.