MJI WA BANGKOK

Bangkok ni mji mkuu wa Thailand, nchi ambayo zamani iliitwa Siam. Umejengwa kandokando ya mto Chao Phraya. Mfalme Rama wa Kwanza aliufanya makao yake mwaka 1782.

Mgeni afikaye huko huona upesi mambo mawili: joto jingi na maji mengi. Mtoni hupita mashua za abiria na matishari yaliyojaa mchanga. Ng'ambo ya magharibi husimama mnara wa hekalu la Wat Arun, uliopambwa kwa vipande vya vyombo vya kaure. Watu wakutanapo huunganisha viganja mbele ya kifua na kuinamisha kichwa; mdogo ndiye aanzaye.

Hapo kale wenyeji walisafiri kwa mifereji kuliko kwa njia za nchi kavu. Baadaye mifereji mingi ilifukiwa, ikafanywa barabara za motokaa. Tena maji ya chini ya ardhi yalivutwa mno kwa visima virefu, hata ardhi yenyewe ikadidimia. Kwa hiyo mvua kubwa inyeshapo, maji hukosa pa kupita, yakaingia majumbani. Mwaka 2011 mafuriko yalikaa katika sehemu nyingi za mji kwa majuma kadha wa kadha. Maji yakizibiwa njia yao, hupita mlangoni mwako.

Maswali
1. Mdogo humwamkiaje mkubwa huko? Na kwetu je?
2. Kwa nini ardhi ya Bangkok ilididimia?
3. Mifereji ilikuwa na faida gani mbili?