Bunduki Mikononi mwa Raia: Haki, Hatia au Ngao?

Utangulizi

Lugha ni ghala ambamo jamii huhifadhi tajriba zake. Anayetaka kujua jinsi watu wa Afrika Mashariki walivyokutana na bunduki hana budi kuanza na maneno yenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtazamo wa jamii kuhusu silaha mikononi mwa raia hautokani na sheria pekee, bali pia na historia. Asiyelitambua hilo, awe mwandishi au mtunga sera, hunena jambo moja na wasikilizaji wake wakasikia jingine.

Ushahidi wa Msamiati

Bunduki, baruti na risasi ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Risasi ni jina la madini laini na mazito. Maana ya kile kinachofyatuliwa ilifuata kwa kuwa madini hayo ndiyo yaliyoyeyushwa na kusubiwa kutengenezea. Mzinga, kwa upande wake, ni neno la Kibantu. Ni gogo lililotobolewa ili nyuki wapate makao. Wareno walipoushambulia mji wa Mombasa mwaka wa 1505, walikuja na silaha yenye umbo kama la gogo hilo, nayo ikaitwa kwa jina la kitu kilichokwisha kujulikana nyumbani.

Katika karne ya 19 bunduki ilikuwa nguzo ya biashara ya pembe na watumwa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara maarufu wa Unguja, alieleza katika tawasifu yake kwamba lakabu yake ya Tippu Tip ilitokana na mlio wa bunduki. Lakabu hiyo ina pande mbili: kwa mwenye bunduki ni fahari, kwa aliyeelekezewa mtutu ni kilio. Utata huo haujatutoka hadi leo.

Mkoloni na Silaha

Mkataba wa Brussels wa mwaka wa 1890 uliwekea mipaka uingizaji wa bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Hata hivyo, mataifa yaliyotia sahihi ndiyo yaliyokuwa yakijigawia bara hili, na Mwafrika akajikuta anakabiliana nayo kwa silaha duni.

Nchini Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, kupatikana na silaha au risasi bila idhini kulikuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956, bastola aliyopatikana nayo ilikuwa msingi wa mashtaka yake. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Chombo kile kile kilichokuwa ushahidi wa jinai mahakamani kikawa ishara ya ukombozi katika kumbukumbu ya taifa. Msomaji wa tamthilia ya Mzalendo Kimathi atakubali kuwa fasihi iliifungua upya kesi ambayo mahakama iliifunga.

Mitazamo Miwili Katika Nchi Moja

Kwa mujibu wa Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, raia hana haki ya kuzaliwa nayo ya kumiliki bunduki. Hupewa idhini baada ya kutoa sababu ya kuridhisha, na idhini hiyo yaweza kufutwa. Hali ni tofauti nchini Marekani, ambako marekebisho ya pili ya katiba ya mwaka wa 1791 yanataja haki ya watu kuwa na silaha. Mahakama ya Juu ya huko iliamua mwaka wa 2008 kuwa haki hiyo ni ya mtu binafsi. Huko mjadala huanza na haki; kwetu huanza na kibali.

Lakini hata hapa Kenya hatuna mtazamo mmoja. Mkazi wa Nairobi akisikia neno bunduki, humwaza jambazi. Vijana wa mtaani huiita bastola "mguu wa kuku", tafsida inayomwezesha msemaji kuitaja silaha hadharani bila kuitaja. Mfugaji wa Turkana, Pokot au Samburu hana haja ya tafsida. Kwake bunduki ni ngao ya ng'ombe, na ng'ombe ni mahari, ni chakula, ni karo ya mtoto.

Mtazamo huo nao una historia. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka wa 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto, Uganda, liliporwa, na bunduki nyingi zikaenea katika eneo la wafugaji. Uvamizi uliokuwa ukifanywa kwa mikuki ukageuka mauaji ya halaiki. Novemba 2012, zaidi ya polisi 40 waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa.

Serikali imejaribu mara nyingi kuzikusanya silaha hizo, mathalani katika Operesheni Dumisha Amani ya mwaka wa 2005. Februari 2023 jeshi lilipelekwa Kaskazini mwa Bonde la Ufa, na wenye silaha haramu wakapewa siku tatu wazisalimishe. Tatizo ni lile lile: anayetangulia kusalimisha hubaki uchi mbele ya jirani ambaye hajasalimisha. Isitoshe, serikali hiyo hiyo imekuwa ikiwapa bunduki polisi wa akiba wa vijijini, jambo ambalo ni kukiri kwamba askari wa kawaida hafiki kwa wakati.

Hitimisho

Makala haya hayaitetei bunduki. Risasi haichagui kati ya mwizi wa ng'ombe na mtoto aliyetumwa kisimani. Tunachodai ni kwamba amri ya "salimisheni silaha" haiwezi kueleweka kwa mfugaji kama inavyoeleweka kwa mkazi wa jijini. Huyu husikia ahadi ya usalama; yule husikia tishio. Amri hiyo haitapata maana moja mpaka barabara, kituo cha polisi na mahakama vimfikie yule wa mbali kabla ya mvamizi kumfikia.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wetu. Tunapoandika habari, hadithi au tafsiri, tusiwaite wote wenye bunduki majambazi, wala tusiwapambe wote kuwa mashujaa. Tuulize kwanza: aliipata vipi, na anamwogopa nani?