Mtoto Anayekataa Chakula

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linalowasumbua wazazi wengi, kuanzia Musoma mjini hadi Bunda na vijiji vya Butiama: mtoto wa mwaka mmoja au miwili ambaye ukimpelekea kijiko anageuza uso, anafumba mdomo au anatema.

Kwanza tuelewe mwili wa mtoto unavyokwenda. Aliyezaliwa na kilo 3 hufikisha kilo 9 hivi anapotimiza mwaka. Lakini katika mwaka wa pili huongeza kilo 2 au 2 na nusu tu. Basi hamu ya chakula nayo hupungua, na mama hushtuka. Kwa hiyo kabla ya kuitazama sahani, tazameni kadi ya kliniki. Kama mstari unapanda na mtoto anacheza, hakuna haja ya kugombana naye. Mstari ukilala au kushuka, hilo ni jambo jingine.

Wengine hufanya vita. Mtoto hulazwa mapajani, pua hubanwa, uji humiminwa mdomoni. Tuseme wazi: hiyo ni hatari. Uji huweza kuingia katika njia ya hewa, mtoto akapaliwa na kufa. Na hata akipona, kesho akiona kikombe tu ataanza kulia. Afadhali chakula kiwekwe mbele yake kwa utulivu, ashike mwenyewe hata akichafuka, na baada ya nusu saa hivi kiondolewe bila fimbo. Alichokikataa leo ajaribishwe tena siku nyingine. Wapo wanaokubali baada ya kuonjeshwa mara 8 au 10.

Mara nyingi ukichunguza utakuta tumbo limekwisha jaa. Asubuhi chai ya rangi, saa nne soda na biskuti, mchana uji mwembamba kama maji. Tena chai huzuia mwili kupata madini ya chuma, damu ikapungua, na hamu ya kula ikazidi kupotea. Uji wa mtoto uwe mzito, usiomwagika upesi kijikoni. Sisi watu wa kando ya ziwa hatuna udhuru: dagaa wapo. Waoshwe mchanga, wakaushwe, watwangwe na kuchekechwa, kisha unga wake utiwe katika uji wa ulezi au mtama pamoja na maziwa au karanga zilizosagwa. Ugali wa muhogo peke yake hushibisha lakini haujengi mwili. Na awe na sahani yake; akila sinia moja na kaka zake, wao humaliza yeye akiwa bado anatafuna tonge la kwanza.

Yuko pia anayekataa kwa sababu anaumwa. Mtazameni kinywani kama kuna vidonda. Mguseni kama ana homa, maana kwetu malaria haiko mbali. Lakini msimpeleke kwa mtu wa kukata kimeo au kung'oa yale yanayoitwa meno ya plastiki. Hayo ni meno ya kweli ambayo hayajatoka. Kuyachimbua huleta kutokwa damu nyingi, pepopunda na hata kifo. Bibi anayeshauri hivyo anampenda mjukuu wake, hatuna shaka, ila ajibiwe kwa heshima na mtoto apelekwe zahanati.

Jihadharini zaidi mama anapopata mimba nyingine mapema na mkubwa akaachishwa ziwa ghafla. Neno kwashakoo lilitoka katika lugha ya Waga wa Ghana, likiwa na maana ya ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa nafasi na mdogo wake. Miguu huvimba, nywele hubadilika rangi, naye hununa kutwa na kukataa chakula. Huyo si mkaidi, ni mgonjwa. Ukibonyeza miguu kwa kidole na shimo likabaki, au utepe wa kupimia mkono ukaangukia kwenye rangi nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, aende hospitali siku hiyo hiyo. Vile vile asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au asiyeamshika: msingoje kesho. Baba atafute usafiri, mama achukue kadi.