Kubadilisha Rekodi za Hesabu kwa Mkupuo Bila Kuharibu Vitabu

Mafuta ya magari ya mwaka mzima yameingizwa kwenye akaunti ya matengenezo, na mkaguzi anakuja wiki ijayo. Usifungue vocha moja moja. QuickBooks Online ya wahasibu ina zana ya kuhamisha miamala mingi kwa pamoja, na Xero ina Find & Recode. Ni msaada mkubwa kwa mhasibu aliye peke yake ofisini. Ila kosa nalo husambaa kwa kasi ileile, kwa hiyo jipange hivi.

1. Anza na nakala ya akiba. Kama programu iko mtandaoni na hairuhusu kurudisha data ya jana, pakua leja kuu pamoja na orodha za wateja, wagavi na bidhaa. Usitegemee kwamba kutakuwa na kitufe cha kutengua.

2. Badilisha orodha, usiguse ankara zilizokwisha kutoka. Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 tarehe 1 Aprili 2020, ikairudisha 16 tarehe 1 Januari 2021. Duka lenye mamia ya bidhaa zinazotozwa kodi hiyo lilipaswa kubadilisha mfumo mara mbili ndani ya miezi tisa, na mkupuo ndiyo ilikuwa njia ya busara. Lakini chukua ankara ya Novemba 2020, shilingi 10,000 kabla ya kodi. VAT yake ilikuwa 1,400. Ukiipandisha hadi asilimia 16 inakuwa 1,600: mteja aliyekwisha kulipa anaonekana anadaiwa 200, na vitabu havilingani tena na ritani iliyopelekwa KRA. Dawa ni kufungua msimbo mpya wa kodi na kuuweka kwenye orodha ya bidhaa. Msimbo wa zamani ubaki na ankara zake, maana bidhaa ya Novemba ikirudishwa Januari utauhitaji tena kwenye hati ya kumpunguzia mteja deni.

3. Funga vipindi vilivyokwisha kuwasilishwa. QuickBooks hukubali tarehe ya kufunga vitabu yenye nywila, Xero ina tarehe za kufungia. Ni kazi ya dakika chache, na ningependa kila ofisi iifanye kila baada ya ritani.

4. Andika jumla kabla ya kubonyeza. Chapisha urari, kisha tabiri matokeo. Ukihamisha mafuta kutoka matengenezo kwenda usafiri, faida haipaswi kusogea hata shilingi moja. Ukihamisha kompyuta kutoka matumizi kwenda mali za kudumu, faida itapanda kwa bei ya kompyuta hizo kabla ya uchakavu. Namba ikitoka tofauti na ulivyotabiri, simama hapo hapo utafute sababu.

5. Jaribu rekodi tano kwanza.

6. Kuwa macho na Excel. Ukihariri orodha huko, sifuri ya mwanzo ya namba ya simu hupotea, na namba ya akaunti yenye tarakimu 16 hubadilishwa ya mwisho kuwa sifuri. Zifanye safu hizo kuwa maandishi kabla ya kubandika chochote. Tarehe 03/04/2024 nayo huweza kusomwa Machi 4 badala ya Aprili 3, ikaangukia mwezi mwingine wa kodi. Usirudishe rekodi kwa kutumia jina la mteja peke yake, kwani nukta moja ya ziada huweza kuzaa mteja mpya mwenye deni lake. Tumia namba yake ya mfumo.

7. Chagua saa ambayo hakuna anayeingiza mauzo, na umwambie keshia. Ukimaliza, andika tarehe, akaunti ulizogusa, idadi ya rekodi na aliyeidhinisha. Historia ya mabadiliko ndani ya programu itamwonyesha mkaguzi nani alibadilisha nini na lini; sababu ataikuta kwenye maelezo yako, yaliyofungwa pamoja na urari wa kabla na wa baada.