Sumukuvu: Safari ya Sumu kutoka Shambani hadi kwenye Ini

Saratani ya ini ni miongoni mwa magonjwa yanayomfikisha mgonjwa hospitalini akiwa amechelewa. Tumbo limekwisha kujaa maji, macho yamekuwa ya njano, na uwezo wa tiba umepungua sana. Hata hivyo, chanzo kimojawapo cha ugonjwa huu huanza miaka mingi kabla, mahali ambapo daktari hafiki: shambani, kwenye uwanja wa kuanikia na ndani ya ghala. Makala haya yanaeleza yale ambayo majaribio ya kisayansi yamebaini kuhusu chanzo hicho, na namna matokeo hayo yanavyomhusu mhudumu wa afya na familia anayoihudumia.

Sumukuvu ni sumu zinazotengenezwa na baadhi ya kuvu wanaoota kwenye nafaka, karanga na mbegu za mafuta. Iliyo hatari zaidi kwa ini la binadamu ni aflatoksini. Iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960, walipolishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Kuvu aliyehusika, Aspergillus flavus, ndiye aliyeipa sumu hiyo jina lake. Kuvu huyo huishi katika udongo wa nchi zenye joto, ikiwemo Afrika Mashariki, na hustawi zaidi mmea unapopata ukame au unaposhambuliwa na wadudu.

Sumu na ini

Ini lina vimeng'enya vya kubadili vitu vigeni ili mwili uweze kuvitoa. Kwa aflatoksini, kazi hiyo njema hugeuka kuwa madhara: vimeng'enya hivyo huibadili sumu kuwa kemikali kali zaidi, inayojibandika kwenye vinasaba vya seli za ini. Mwaka 1991, watafiti waliochunguza saratani za ini za wagonjwa kutoka China na kusini mwa Afrika walikuta badiliko lilelile, mahali palepale, katika jeni ya p53 ambayo kazi yake ni kuzuia seli zisizaliane ovyo. Badiliko hilo likawa kama alama ya kidole ya sumu hiyo.

Utafiti uliofuatilia wanaume zaidi ya 18,000 mjini Shanghai ulionesha jambo jingine zito. Waliokuwa na dalili za aflatoksini katika mkojo walikabiliwa na hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi kuliko wasiokuwa nayo. Waliokuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B walikabiliwa na hatari mara 7 hivi. Waliokuwa na vyote viwili hatari yao ilikuwa karibu mara 60. Hivyo, chanjo ya homa ya ini B anayopewa mtoto mchanga humkinga dhidi ya virusi, na wakati huohuo hupunguza makali ya sumu atakayokutana nayo baadaye katika chakula.

Sumu ikiliwa kwa wingi huua kwa muda mfupi. Nchini Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafa katika maeneo ya mashariki, hasa Makueni na Kitui. Uchunguzi ulionesha kuwa kuhifadhi mahindi yenye unyevu kuliongeza hatari ya kuugua. Nchini Tanzania, mwaka 2016, mlipuko kama huo ulitokea katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hakuna dawa ya kuivunja sumu hii ikishaingia mwilini. Mgonjwa husaidiwa tu huku chakula husika kikiondolewa.

Shambani: kuvu dhidi ya kuvu

Si kila Aspergillus flavus hutengeneza sumu. Wako ambao kwa asili wamepoteza uwezo huo. Watafiti wa kilimo huwachagua hao kutoka udongo wa nchi husika, huwapaka juu ya punje za mtama zilizouawa ili zisiote, na mkulima huzimwaga shambani wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kutoa maua. Kuvu wasio na sumu huwahi nafasi na chakula, na wenye sumu hukosa pa kustawi. Katika mashamba mengi ya majaribio barani Afrika, njia hii, inayojulikana kwa jina la Aflasafe, imepunguza aflatoksini kwa asilimia 80 au zaidi. Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoisajili. Mipaka yake nayo ieleweke: haizuii sumukuvu za aina nyingine, wala haiyakaushi mahindi yaliyovunwa yakiwa mabichi.

Uwanjani: kukausha na kuchambua

Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Nchini Guinea, watafiti walifanya jaribio katika vijiji 20 vinavyolima karanga. Vijiji 10 vilipewa mafunzo na vifaa vya kawaida: kuchambua karanga mbovu, kuanika juu ya mikeka badala ya ardhi tupu, kutumia magunia ya nyuzi za asili na kuyaweka juu ya chaga. Vijiji 10 viliendelea na utaratibu wao. Miezi 5 baada ya mavuno, damu ya wakazi ilipimwa. Kiwango cha alama ya aflatoksini katika vijiji vilivyosaidiwa kilikuwa chini ya nusu ya kile cha vijiji vingine. Uzito wa jaribio hilo uko katika kilichopimwa: damu ya watu wenyewe, si karanga pekee.

Familia isiyo na kipimo cha unyevu yaweza kutumia chumvi. Chupa kavu ya kioo hujazwa mahindi hadi theluthi moja, huongezwa vijiko 2 au 3 vya chumvi iliyokaushwa vizuri, kisha hufungwa, hutikiswa kwa dakika chache na kuachwa itulie kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayafai kuwekwa ghalani. Isiponata, bado inafaa kuanika kwa siku nyingine, kwa kuwa kipimo hiki hakioneshi tofauti kati ya asilimia 15 na 13.5.

Ghalani: mfuko usiopitisha hewa

Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani na wenzao wa Cameroon walitafuta njia ya kuhifadhi kunde bila dawa. Walibuni mfuko wa tabaka 3: mifuko 2 ya plastiki nzito ndani, na wa nje uliofumwa ili kuulinda usichanike. Ukifungwa barabara, fukusi na dumuzi waliomo hutumia oksijeni iliyobaki, kisha huacha kula. Majaribio yalionesha kuwa wadudu hao hutegemea oksijeni hata kujitengenezea maji mwilini. Ikiisha, hukauka na kufa. Faida yake kwa afya ni kubwa, maana punje zilizotobolewa na wadudu hushambuliwa na kuvu kwa urahisi, na familia haihitaji kuchanganya dawa na chakula chake.

Lakini mfuko huo hauna uwezo wa kutibu. Hauondoi sumu iliyokwisha kuingia kwenye punje, na kwa kuwa haupitishi hewa, unyevu uliomo haupati pa kutokea. Anayenunua mfuko mzuri na kuujaza mahindi yasiyokauka amehifadhi hatari yake. Hapo ndipo matokeo ya maabara na maisha ya mkulima hupishana: njia moja haichukui nafasi ya nyingine.

Jikoni

Kupika kwa kawaida hakuiondoi aflatoksini. Kuchambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu huondoa sehemu kubwa ya sumu, kwa sababu hujikusanya katika punje chache. Kukoboa nako huipunguza, kwa kuwa sehemu kubwa hukaa kwenye kiini na ganda. Hata hivyo, punje yenye sura safi yaweza kuwa na sumu. Mahindi au pumba zenye ukungu asilishwe ng'ombe wala kuku. Sehemu ya sumu hutoka katika maziwa ya ng'ombe, na kuku hudhurika.

Jambo hili lagusa ushauri wa kliniki ya watoto. Uji wa mahindi ya dona na karanga husifiwa kwa lishe, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini umetengenezwa kwa mazao mawili yanayoathirika zaidi. Utafiti uliofanyika Benin na Togo ulikuta alama ya aflatoksini katika damu ya watoto 99 kati ya kila 100, na wenye kiwango kikubwa walikuwa wafupi na wepesi zaidi kwa umri wao. Uhusiano huo pekee hauthibitishi kuwa sumu ndiyo iliyosababisha udumavu, lakini watosha kuleta tahadhari.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Anayeshauri kuhusu uji wa mtoto aulize pia mahindi yalianikwa wapi na karanga zilichambuliwa na nani. Ahimize maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha uji unaobadilishwa kwa uwele, ulezi au mtama, ili mtoto asitegemee zao moja. Ahakikishe chanjo ya homa ya ini B imekamilika. Na pale watu kadhaa wa kaya moja au kijiji kimoja wanapofika na macho ya njano, maumivu ya tumbo na kutapika, atoe taarifa mapema kwa mganga mkuu wa wilaya, ashauri chakula kinachoshukiwa kisiliwe, na ahakikishe sampuli yake inahifadhiwa kwa uchunguzi. Kila siku ya kuchelewa, sahani nyingine hupakuliwa kutoka gunia lilelile.